Dola 125 "za Maji": Kisa cha Mwenye Nyumba na Mpangaji wa Vocha

Kila Februari meza yangu ya jikoni hujaa bahasha za watu. Nawajazia ritani za ushuru Waswahili wa mji wetu hapa Ohio: wauguzi, madereva wa malori, wafungaji mizigo wa zamu ya usiku, na miaka hii ya karibuni, wenye nyumba. Februari 2024 alikuja mteja wangu wa siku nyingi, mtu wa Kilifi, muuguzi, aliyekuwa amenunua nyumba ya milango miwili iliyojengwa 1926. Yeye na familia yake wanakaa chini. Juu kuna vyumba vitatu vya kulala, na kisa hiki ni cha juu.

Ndani ya bahasha yake mlikuwa na fomu 1099-MISC, ile ya kuripoti mapato, kutoka ofisi ya nyumba, yaani ofisi ya umma inayowalipia watu wa kipato kidogo sehemu ya kodi kwa vocha: dola 10,510 walizomlipa kuanzia Machi hadi Desemba 2023. Mlikuwa pia na taarifa ya benki. Kila mwezi ofisi imeingiza 1,051. Kila tarehe moja mpangaji ametuma 274 kwa Zelle, njia ya kutumiana pesa kwa simu kutoka benki hadi benki. Halafu tarehe tano au sita, mpangaji huyo huyo ametuma 125 nyingine, na penye nafasi ya maelezo ameandika neno moja: maji.

"Hii ya maji ni ya nini?" nikamuuliza.

"Ya maji," akanijibu.

Nikazidisha 399 mara kumi, nikaandika 3,990 chini ya ile 10,510, nikaendelea. Mkataba wa upangaji ulikuwa kwenye bahasha hiyo hiyo, na ukurasa wa pili unasema wazi kwamba maji analipa mwenye nyumba. Sikuufungua. Nalitaja hili mapema nisije nikajifanya mwerevu huko mbele.

Mpangaji ni mama wa Kikongo, mtu wa Uvira, aliyekaa kambi ya Nyarugusu miaka mingi kabla ya kuletwa Marekani na watoto wake watatu. Mkimbizi anaruhusiwa kupata msaada huu kama raia. Vocha yake ni ile inayoitwa na watu Section 8, kwa kuwa imetokana na kifungu cha 8 cha Sheria ya Nyumba ya 1937 kama kilivyoandikwa upya mwaka 1974. Pesa zinatoka serikali kuu kupitia wizara ya nyumba, HUD, na zinasimamiwa na ofisi za nyumba kama 2,000 nchi nzima. Kaya zaidi ya milioni 2 zinakaa kwa vocha hizi. Wanaostahili ni wengi mno kuliko vocha zilizopo: katika kila familia nne zenye haki ya kusaidiwa, ni kama moja tu inayosaidiwa. Basi aliyeipata huishika kama roho yake, na hofu ya kuipoteza ndiyo inayoeleza nusu ya kisa hiki.

Bwana wetu, yaani mwenye nyumba, hakulazimika kumchukua. Sheria kuu ya Marekani dhidi ya ubaguzi katika nyumba haitaji chanzo cha kipato. California inamkataza mwenye nyumba kumkataa mtu kwa sababu ya vocha tangu 2020. Texas kinyume chake imeizuia hata miji yake isitunge sheria hiyo. Ohio kama jimbo haina sheria hiyo, ingawa baadhi ya miji inayo. Rafiki zake walimtisha kwamba wapangaji wa vocha huvunja nyumba. Yeye akasema pesa ya serikali haichelewi, na mama anasema Kiswahili, yamekwisha.

Kabla ya mama huyu, lakini, alikuwa na mpango mwingine. Alitaka juu aingie dada yake, ambaye naye ana vocha katika ofisi hiyo hiyo. Karani akamuuliza kwa simu kama mwombaji ni ndugu yake. Akasema ndiyo, ni dada yangu. Maombi yakafungwa papo hapo, maana kanuni hairuhusu kumpangisha kwa vocha mzazi, mtoto, babu au bibi, mjukuu, kaka wala dada, isipokuwa kwa sababu maalumu za ulemavu. Sasa dada huyo ni mtoto wa mama yake mdogo! Kwa Kizungu huyo si dada, na hayumo kabisa kwenye orodha hiyo. Alipoteza mpangaji kwa kusema ukweli wa Kiswahili kwenye simu ya Kiingereza. Nilicheka aliponihadithia. Baadaye niliona kwamba ofisi inajua kilichoandikwa tu, na mteja wangu ni mtu wa kusema.

Tuje kwenye hesabu, maana bila hesabu kisa hakieleweki.

Mama analipwa 19,200 kwa mwaka. Ofisi ilimtolea 480 kwa kila mtoto, zikabaki 17,760, sawa na 1,480 kwa mwezi. Asilimia 30 ya hiyo ni 444. Hilo ndilo fungu lake, na ndani yake mna kodi na umeme na gesi. Ofisi ilikadiria umeme na gesi ya nyumba ile kuwa 170.

Kwa upande wa nyumba, kila mwaka HUD hutangaza kodi ya soko ya kila eneo kwa idadi ya vyumba. Kodi hiyo si wastani wa katikati, iko chini yake kidogo, mahali ambapo asilimia 40 ya nyumba za kawaida hupangishwa kwa bei hiyo au chini. Ofisi ya nyumba kwa kawaida inachagua kiwango chake cha malipo, yaani kikomo inachotumia kuhesabu msaada wake, kati ya asilimia 90 na 110 ya kodi hiyo. Kwa vyumba vitatu, hapa kwetu mwaka ule kilikuwa 1,500.

Bwana aliomba 1,450. Ukiongeza 170 za umeme na gesi unapata 1,620, imepita 1,500. Wengi hudhani hapo ndipo penye ukuta. Sipo. Kodi inaweza kuzidi kiwango, mpangaji akajaza pengo mwenyewe, mradi anapoingia fungu lake lisizidi asilimia 40 ya kipato chake kinachobaki baada ya makato. Mama angebeba 564, asilimia 38. Ingepita.

Ukuta ulikuwa kwingine. Ofisi haipitishi kodi yoyote mpaka iilinganishe na nyumba za jirani zisizo na vocha: mahali, ukubwa, umri, hali, vifaa. Ikaleta nyumba tatu za mfano na kusema 1,325. Barua ilikuwa ya aya moja. Nimeziona nyumba zile kwenye ramani. Mbili zilikuwa ng'ambo ya barabara kuu, hazijaguswa tangu zijengwe. Yake ilikuwa na jiko jipya na mashine ya kufulia. Nadhani ofisi ilifanya kazi kwa haraka, na nadhani bwana alikuwa na haki ya kununa.

Kwa 1,325 hesabu inakuwa hivi: ongeza 170, unapata 1,495, iko chini ya 1,500. Toa 444 za mama, ofisi inalipa 1,051. Mama anampa mwenye nyumba 274 na kujilipia umeme.

Jioni ile bwana akapanda ngazi. Mama alikuwa amekuja kupima madirisha kwa ajili ya mapazia. Mazungumzo nimesimuliwa na wote wawili, na hayatofautiani.

"Dada, hawa watu wamenikata mia na ishirini na tano. Nyumba nataka uichukue wewe, lakini mkopo wa benki hauniachi."

"Yaya, hakuna shida. Ntakuwa nakutumia." Yaya kwa Wakongo ni kaka mkubwa.

"Basi andika ni ya maji."

Vocha ya mama ilikuwa imetolewa kwa siku 60 za kutafuta nyumba. Siku hiyo ilikuwa ya 47. Alishakataliwa mara tano. Angeambiwa alete 200, angesema hakuna shida vile vile.

Kwetu kodi hupatanwa mlangoni. Mwenye nyumba Kilifi anasema bei, mpangaji anashika kiuno, wanakutana katikati, na hakuna mtu wa tatu. Hilo naliona, na ningalimtetea bwana kwa hilo, kama si lile neno la mwisho. Mtu asiyejua kwamba anakosea haliiti kosa lake maji. Mkataba ambao mwenye nyumba anatia sahihi na ofisi, tofauti na ule anaotia na mpangaji, unasema kodi iliyopitishwa ndiyo kodi yote, na kwamba hatapokea kitu kingine juu yake kutoka kwa mpangaji wala kwa mtu mwingine. Kila akipokea ruzuku ya mwezi anathibitisha upya kwamba hali ni hiyo.

Makosa yalianza Machi 2023 na yangeweza kuendelea miaka. Yalifichuliwa na rangi.

Mei 14, 2024 mkaguzi wa ofisi ya nyumba alifika kwa ukaguzi wa kawaida. King'ora cha moshi cha ukumbini hakikuwa na betri. Hicho huhesabiwa hatari kwa maisha na hupewa saa 24, bwana akakitia betri mkaguzi akiwa bado anaandika. Vali ya usalama ya tangi la maji moto haikuwa na bomba la kushusha maji hadi karibu na sakafu. Bomba la dola 12. Cha tatu ni rangi iliyokuwa ikibanduka kwenye nguzo na fremu za baraza ya juu. Nyumba ya 1926, na mtoto mdogo wa mama alikuwa na miaka minne. Rangi zenye madini ya risasi zilipigwa marufuku majumbani mwaka 1978, na kwa nyumba iliyotangulia mwaka huo yenye mtoto chini ya miaka sita, rangi inayobanduka si suala la urembo. Vumbi lake likiingia mdomoni mwa mtoto huharibu ubongo.

Alipewa siku 30. Bwana akamwita mtoto wa shangazi yake, akaja Jumamosi na brashi ya chuma, akaikwangua baraza nzima na kuipaka nyeupe. Ilipendeza. Juni 13 mkaguzi akarudi, hakuitazama ile nyeupe hata kidogo. Aliinama chini kwenye udongo wa bustani, akaokota kipande cha rangi ya zamani kikubwa kama ukucha, akakinyanyua. Nani alikwangua? Ana cheti cha mafunzo? Vumbi na mabaki yalikaguliwa baada ya kazi? Nje ya nyumba masharti hayo huanza kazi inapozidi futi 20 za mraba, na baraza ile ilizidi mbali.

Ofisi ikasimamisha ruzuku kuanzia Julai 1. Wenye nyumba wapya hawaelewi hapa: pesa za kipindi hicho hazirudi. Hazikuwekwa pembeni zikusubiri. Bwana alimlipa mkandarasi mwenye cheti 1,900, nyumba ikapita Julai 24, na malipo yakaanza tena siku hiyo. Siku 23 za Julai zilimpotea, dola 780 hivi.

Angeishia hapo angekuwa ameumia, lakini yamekwisha. Ila Julai 2 alimtumia mama ujumbe wa sauti kwa WhatsApp. Nimeusikiliza. Ni sauti ya mtu mstaarabu aliyechoka: "Dada, habari ya watoto. Mwezi huu serikali haijaniletea chochote. Naomba unisaidie hiyo elfu moja na hamsini na moja, kisha mambo yakikaa sawa tutaona. Usiponisaidia sijui kama tutaweza kuendelea hivi."

Hakuna siku mpangaji wa vocha anadaiwa fungu la ofisi. Ofisi isipolipa, iwe kwa uzembe wake au kwa kosa la mwenye nyumba, hilo si deni la mpangaji wala si sababu ya kumtoa. Imeandikwa ndani ya nyongeza ya mkataba ambayo kila mpangaji wa vocha hupewa. Mama hakuwa ameisoma. Kiingereza chake ni cha bohari. Alichosikia ni "sijui kama tutaweza kuendelea," na akaelewa kwamba anafukuzwa. Kanisani wakampeleka kwenye ofisi ya wanasheria wa bure.

Mwanasheria kijana akamwomba aonyeshe anavyolipa kodi. Mama akafungua simu. Mwanasheria akapitisha kidole: 274, 125 maji, 274, 125 maji. Akauliza maji analipa nani kwenye mkataba. Yeye aliufungua.

Miezi kumi na sita, dola 2,000 kamili.

Bwana alinipigia simu usiku ule, na swali lake la kwanza lilikuwa kama mama alimchongea kwa makusudi. Nilimwambia hapana, wewe ndiye uliyempeleka kule. Swali la pili lilikuwa kama atafungwa. Hapo nilimwambia atafute wakili, na akatafuta. Wakili akamweleza kuhusu Sheria ya Madai ya Uongo, iliyotungwa 1863 wakati wa Lincoln kuwabana matapeli waliouzia jeshi bidhaa mbovu: mara tatu ya hasara, na faini juu ya kila dai. Wanasheria wa serikali kuu wameitumia kwa wenye nyumba wa vocha waliotoza pembeni. Kwake, miezi kumi na sita ingeweza kusomwa kama madai kumi na sita. Alinyamaza kwenye simu mpaka nikadhani imekatika.

Haikufika huko. Ofisi ya nyumba ilimwandikia arudishe 2,000 kwa mpangaji ndani ya siku 30 na kuleta ushahidi, na kwamba ikijirudia hatapokewa tena kama mwenye nyumba wa vocha. Mama naye aliitwa, maana mpangaji anayeshiriki kuficha anaweza kunyang'anywa vocha. Alieleza siku ile ya 47. Wakamwandikia onyo, wakamwachia. Nasikia alitoka pale miguu ikitetemeka, na kwa kweli sijaona haki katika kumtetemesha, lakini kanuni ndiyo hiyo na inawafunga wawili.

Nikirudi nyuma, 125 ile ilikuwa na njia ya mlango wa mbele. Barua ya 1,325 ilipokuja, bwana angeweza kuijibu. Mwenye nyumba anaruhusiwa kupeleka mifano yake: nyumba tatu za mtaa ule ule zisizo na vocha, picha za jiko, bei zake zilizotangazwa. Ofisi si lazima ikubali, lakini lazima kodi iwe ya haki kwa kulinganisha, na ulinganisho wa jiko jipya na jiko la miaka sabini unaweza kupingwa kwa karatasi mbili. Alikuwa na siku 13. Hata kama wangegoma, baada ya mwaka wa kwanza angeomba nyongeza kwa taarifa ya siku 60. Na kama mkopo wa benki kweli haukuruhusu 1,325, jibu lilikuwa kukataa na kumwachia mama aendelee kutafuta, jambo gumu kwa mtu aliyekwisha kumwita dada, najua.

Wenzangu kadhaa wamesoma kisa hiki kama sababu ya kukataa vocha. Siwafuati. Katika miezi kumi na sita ofisi haikuchelewesha malipo hata mara moja mpaka yeye mwenyewe aliposhindwa ukaguzi. Mama hakuchelewesha 274 wala, Mungu amsamehe, 125. Hakuna mlango uliovunjwa. Mapazia aliyopima siku ile yapo mpaka leo.

Hundi ya 2,000 aliandikia mezani kwangu. Alipofika kwenye mstari wa maelezo akasita, akaniangalia. Nikamwambia andika ilivyo. Akaandika "kodi ya ziada, 3/2023 hadi 6/2024", kwa herufi ndogo sana.

Novemba 2024 tulikaa tena, safari hii na mkataba umefunguliwa. Tulitafuta nyumba tatu, mbili za mtaa wake na moja ya nyuma yake, tukapiga picha jiko na baraza, tukaomba 1,450 kuanzia Machi 2025. Wiki tano baadaye ofisi ikajibu 1,400. Kiwango cha malipo kilikuwa kimepanda mpaka 1,590, kwa hiyo 1,400 na 170 zikaingia bila kukigusa. Mshahara wa mama haukuwa umesogea. Machi mosi ofisi iliingiza 1,126. Mama alituma 274, na penye nafasi ya maelezo hakuandika kitu.